Mshono Ulionyooka Mno

Machi 3

Mvua imeanza wakati trela linakata kona kuingia mtaani kwetu, Viwanja Sitini. Wanaume wa mtaa mzima wakaja kusimama uani kwetu kana kwamba kuna msiba. Turubai lilipovutwa, wakasogea karibu. Ni lile gari la marehemu Mzee Amiri, aliyekuwa na duka la vitambaa pale sokoni. La Kimarekani, la mwaka sabini, milango miwili, usukani kushoto, boneti ndefu kama mtumbwi. Alilinunua kwa mhandisi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao. Utotoni tulikuwa tunalisikia kabla hatujaliona, tukaliita Ngurumo. Mzee alipoanza kupungukiwa macho likawekwa ghalani, katikati ya magunia ya mpunga, panya wakazalia kwenye viti.

Binti yake, Jihan, anayeishi Dar es Salaam, amelileta kwa mume wangu. Evod ni fundi bodi. Gereji yake iko nyuma ya nyumba, na mimi natengeneza keki upande wa mbele. Nyundo zake zinanitingishia meza, vanila yangu inamkera puani. Ndiyo ndoa yetu.

Nilimpelekea Jihan chai na kipande cha keki. Hakugusa. Nikasema moyoni: hao ndio watu wa Dar.

Machi 4

Ni Ramadhani. Mwenzangu amefunga, na mimi nilimwekea keki mbele ya pua. Nimejionea haya peke yangu jikoni.

Machi 7

Jihan amekuja tena kabla ya kurudi Dar. Leo nimeelewa anachotaka.

Bodi ya gari si kipande kimoja. Ni mabati mengi yaliyochomelewa, na kila yanapokutana panabaki mwanya. Mwanya huo huzibwa kwa dawa ya maungio, nzito kama ugali wa ulezi uliopoa, nayo ikikauka inakuwa kama raba, maji na vumbi visipite. Mafundi wetu huipaka, wakaisawazisha, wakaipiga msasa, na rangi ikishapita huwezi kujua kama pana mshono. Jihan hataki hivyo. Alimfungulia Evod picha kwenye simu, za magari mengine ya aina ile ambayo hayajaguswa tangu yatoke kiwandani.

"Tazama, fundi. Waliolipaka walikuwa na haraka, gari linasogea mbele yao. Hapa nene, hapa nyembamba, pale imechuruzika. Hapa mtu amepitisha kidole. Nataka langu lirudi hivyo."

"Yaani unataka nilipake vibaya?" Evod akauliza.

"Nataka lipakwe kama walivyolipaka wao. Siku baba alipolichukua lilikuwa hivyo."

Evod akacheka. Ngusa, fundi wa kuchomelea na kupiga rangi anayefanya naye kazi, naye akacheka. Kusema kweli hata mimi. Jihan hakucheka. Akasema gari litakwenda kwenye maonyesho ya magari ya zamani, na kabla ya hapo atakuja na mkaguzi, mzee anayeyajua magari hayo mshono kwa mshono. Akikuta kazi ya kubuni, gari haliendi.

Machi 12

Mvua. Wamebandua bati la chini lililooza. Kutu mpaka kwenye unga wangu.

Machi 15

Evod ameumia. Alikwenda Chita kumwona mama yake, akarudi na pikipiki kwenye tope jekundu, ikamtupa karibu na daraja dogo. Ngusa ndiye aliyenipigia: "Shemeji, usiogope, anaongea." Mtu akikwambia usiogope ndipo unapoogopa. Mfupa wa kifundo cha mkono wa kulia umevunjika. Hospitali wamemfunga hogo gumu jeupe la plasta mpaka karibu na kiwiko. Amelala upande mmoja, anatazama ukuta.

Machi 17

Hataki Jihan ajue. Anasema akijua atalihamishia gari Morogoro, na Ifakara nzima itasema Evod alishindwa. Nimemwambia mfupa hauna siri. Baadaye akaja jikoni, nilikuwa naandika jina la bibi harusi juu ya keki ya watu wa Mang'ula. Akasimama akinitazama mkono mpaka nikamaliza.

"Mama Seve, wewe mkono wako hautetemeki."

"Utetemeke kwa nini?"

"Dawa ya maungio inakamuliwa kama hiyo sukari yako. Ni kukamua na kupitisha brashi. Mimi nitakuelekeza."

Nikamwambia mimi si fundi wa magari. Akasema, "Najua. Lakini ni mke wangu." Alilisema hilo kwa namna ambayo sijaisikia tangu Severini wetu azaliwe, na huyo sasa yuko bweni Mahenge, ana sauti nzito.

Nimekubali.

Machi 20

Tunajifunzia kwenye mlango chakavu wa gari jingine. Nimekamua mstari mrefu, sawa kabisa, wa kupendeza. Evod akautazama, akashika kiuno kwa mkono wake mzima.

"Hiyo ni keki."

"Si ulisema kama sukari?"

"Bibi harusi atakuja kuulizia jina lake hapo."

Tulicheka mpaka Ngusa akatoka kuona kuna nini. Nimefuta, nimeanza tena. Kumbe kupaka hovyo ni kugumu. Mkono ukizoea kunyooka unanyooka wenyewe, hata ukiukataza.

Machi 24

Leo tumepata kitu. Ngusa amebandua zulia bovu ndani ya buti, upande wa kushoto kwenye kona ambako maji hayakufika, na chini yake mshono wa zamani uko mzima. Wa kiwandani. Dawa imekuwa ya kijivu ngumu, na juu yake vumbi la rangi ya gari lililopita bila kufunika vizuri. Nimeingia kichwa na mabega kwa tochi, nikakaa humo mpaka shingo ikauma.

Mtu yule alianzia upande wa kulia akaja kushoto. Mwanzo dawa ni nyingi, inapungua, halafu anashtuka na kuongeza. Brashi yake ilikuwa imekauka pembeni, kwa hiyo ukingo mmoja una mikwaruzo. Na mwishoni, pale brashi haikuingia, amesukuma kwa kidole. Alama iko pale pale. Nikaweka kidole changu juu yake. Chake kilikuwa kipana zaidi.

Nikamwambia Evod, "Huyu hakupaka vibaya. Alipaka magari mengi mno kwa siku, basi."

Evod akanitazama kidogo. "Haya," akasema. "Paka kama yeye."

Machi 31

Idd. Kwa shangazi yake Jihan wametuletea sinia la pilau. Evod analishwa kwa kijiko, anapenda.

Aprili 6

Nataka niandike hili vizuri, kwa sababu sijui kama litakaa.

Tumefanya kazi wiki nzima na mvua haijakoma. Dawa haikauki kwenye unyevu, basi tunaweka jiko la mkaa chini ya gari, kwa mbali, na kufunika pande zote kwa maturubai. Humo ndani kuna joto, harufu ya dawa, na sauti ya mvua kwenye bati, na sisi wawili. Evod amekaa juu ya tairi, simu yenye picha mkononi. Ananisomea: "Mfereji wa juu ya mlango: imejaa mbele, nyuma imekonda. Chini ya kioo cha nyuma: imechuruzika mara mbili." Mimi nakamua, napitisha brashi, nageuka kumwuliza kwa macho, naye ama anatingisha kichwa ama anasema, "Umesafisha mno, rudi." Siku hizi anasema rudi mara chache.

Jana alinieleza jinsi alivyojifunza kazi kwa fundi mmoja wa Kidatu aliyekuwa akimpiga kwa fimbo ya kulehemu. Miaka yote hii sikujua. Kovu la bega nilidhani ni la chanjo. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kusema, akajibu, "Hukuwahi kukaa humu."

Kweli. Na yeye hakuwahi kukaa jikoni.

Nimeanza kumpenda mume wangu upya, katika umri huu, chini ya turubai. Kandida mimi.

Aprili 11

Mto Lumemo umefurika. Wateja wa keki hawavuki. Sijali.

Aprili 16

Hogo limekatwa. Mkono umetoka mwembamba, mweupe, umenyauka kama muhogo wa njaa. Anaufungua na kuufumba siku nzima. Maungio yote nimeshayamaliza isipokuwa mshono mmoja wa nyuma, ule unaounganisha ubavu wa kulia na bati la taa. Nimemwambia Jumanne nitaumaliza, baada ya Pasaka.

Aprili 20

Pasaka. Baada ya misa wanaume walimzunguka Evod nje ya kanisa wakimwuliza habari za Ngurumo. Nilikuwa nyuma yake hatua chache, nimeshika mwavuli. Nikamsikia akisema, "Nimelipaka mshono kwa mshono, bwana, kazi ya macho ile." Nikadhani hakuniona. Alipogeuka akaniona, akasema, "Twende nyumbani, Mama Seve, mvua."

Aprili 22

Nimekwenda gereji na apron yangu na brashi. Mshono wa nyuma umeshapakwa. Umenyooka kama kamba ya mwashi, umepigwa msasa, unang'aa, na Ngusa ameshapulizia rangi.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Evod akasema. "Mkono umepona."

"Lakini umenyooka mno. Si wa gari hili. Tazama picha."

"Gari hili lina jina langu, Mama Seve."

"Wacha niutoe, niupake upya. Asubuhi moja tu."

"Rudi kwenye keki zako."

Hakupaza sauti. Ngusa alikuwa anaosha bunduki ya rangi, akaendelea kuiosha muda mrefu baada ya kuwa safi.

Aprili 25

Hatusemeshani. Mvua.

Aprili 30

Wamekuja. Jihan na mkaguzi wake, Mzee Antoni, mtu mfupi mwenye miwani jozi mbili, moja usoni na nyingine kifuani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia akiwa ameshaanza kulitazama gari. Ua ulijaa tena wanaume wale wale wa siku ya kwanza.

Alianza mbele. Alipita kwenye kila mshono kwa kioo kidogo cha mpini, akapiga magoti, akalala kwenye gunia, akaingia uvunguni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko na birika. Alipofika kwenye mfereji wa juu ya mlango akaita, "Jihan, njoo uone." Akamwonyesha pale dawa ilipojaa na pale ilipokonda. "Hii sikuitegemea. Hii mtu amekaa, akafikiri. Ukiliweka pamoja na gari ambalo halijaguswa siwezi kutofautisha." Akaingia kwenye buti, akatoka akijifuta jasho. "Na kona ile wameacha ya zamani na kuendeleza mpya kutoka pale pale. Sioni inapoanzia."

Mimi najua inapoanzia. Inaanzia kwenye kidole.

Watu wakampigia Evod makofi mgongoni. Alikuwa anatabasamu anatazama chini. Nikangoja. Kwa kweli nilikuwa namngojea kama mtu anayengojea kuitwa jina kwenye matokeo. Nilikuwa nimeshamsamehe ile ya kanisani, ya mshono, yote. Angesema tu, "Nilisaidiana na mke wangu," ningeridhika. Hata kusaidiana ningekupokea.

Ndipo Mzee Antoni akafika nyuma, upande wa kulia. Akainama. Akavaa ile miwani ya pili juu ya ya kwanza.

"Huu je?"

Akapitisha ukucha juu yake.

"Mshono huu umenyooka mno. Umepigwa msasa. Huu ni wa gereji, si wa kiwanda. Nani kaupaka huu? Mkono si ule."

Nilimtazama Evod. Naye akanitazama, na kwa kitambo kile nilidhani anataka kuniomba radhi kwa macho.

"Ah, huo," akasema. Akacheka kidogo. "Huo nilimwachia mama hapo ajaribu. Aling'ang'ania. Unajua wanawake wa keki, mzee, kila kitu wanataka kipendeze."

Watu wakacheka. Ua mzima. Birika lilikuwa linanichoma paja na sikulisogeza. Nikamtazama Ngusa, maana yeye alikuwapo mwanzo mpaka mwisho, yeye ndiye aliyekuwa ananishikia taa siku ambazo Evod alikwenda hospitali kuangaliwa mkono. Ngusa akainama kuokota spana ambayo haikuwa imeanguka.

Jihan akanijia. Alinitazama usoni, halafu akatazama mikono yangu iliyoshika birika. Akasema kwa upole, "Usijali, Mama Seve. Kwa mtu anayejifunza si vibaya."

Ilikuwa ni nafasi yangu. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Lakini pale palikuwa na wanaume wa mtaa mzima, na mume wangu, na nikaona nikisema nitaonekana nagombania gari. Nikamimina chai. Nikamimina vikombe vyote, sawasawa, bila kumwaga tone.

Mei 1

Nimeutoa ule mshono na kuupaka upya. Mzee Antoni aliagiza urudiwe kabla hawajaondoka, na Evod aliniambia niufanye "kwa sababu wameshaamini ni wako." Alikuwa ametazama pembeni. Nikaufanya. Mzee akaukagua, akasema, "Umeona, mama? Fundi akikuelekeza unaweza."

Mei 3

Nimemwuliza. Tulikuwa tunakula, wali na samaki kitoga. "Kwa nini ulisema vile?"

"Ningesema nini? Kwamba mimi ndiye niliyeharibu?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Mimi sikuwa mbele ya watu?"

Akatoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. "Wewe ni mwanamke, Kandida. Kwako haiharibu kitu."

Hilo ndilo lililonichelewesha usingizi, kwamba alilisema bila ubaya. Anaamini.

Mei 7

Jihan amepiga simu. Rafiki zake wa Dar wana magari matatu ya namna ile na wanamtaka Evod. Anakwenda. Ananunua shati.

Mei 9

Ameondoka na basi la asubuhi. Aliniambia, "Nikitulia nitakuita." Nikamfungia chapati. Sijui kwa nini nilimfungia chapati.

Mei 18

Mpunga unavunwa, mashine za kukoboa zinalia toka alfajiri na pumba zinaruka mpaka kwenye kamba ya nguo. Nilikwenda mashineni kwa mchele wa mwezi. Apolonia, anayepima pale, akaniambia kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Pole, mwenzangu. Tumesikia ulitaka kumharibia mzee wako gari la watu." Nikamwambia asante. Unaambiwa pole, unasema nini?

Bibi harusi wa Jumamosi ameniomba nisiweke mapambo mengi. Amesema yananyooka mno.

Mei 21

Evod amepiga. Anasema dawa ya Dar si kama ya hapa, inakauka upesi kwa joto. Akauliza, kama anayeuliza habari za mvua, ile kona ya buti nilianza na brashi au na kidole. Nikamwambia sikumbuki.

Nakumbuka.

Mei 25

Jihan amepiga mwenyewe. "Mama Seve, fundi ameumia mkono tena. Usiogope, si sana. Anaomba uje." Nimemwachia Ngusa funguo za gereji, akasema, "Mpe pole, shemeji." Nikamwambia, "Unajua kusema pole, kumbe."

Mei 28

Nimerudi. Naandika kama ilivyokuwa.

Nilifika Dar nimevimba miguu. Gereji ni ya kisasa, sakafu imepigwa rangi, na katikati kuna gari jekundu limevuliwa kila kitu, maungio yote wazi. Evod alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umefungwa bendeji nene toka vidoleni, umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Amekonda. Aliponiona alisimama, akakaa tena.

Jihan akaja kunipokea. "Pole na safari. Tumekwama kama unavyoona. Fundi anasema wewe unaweza kumshikia brashi, yeye akawa anakuelekeza. Ulishazoea maelekezo yake."

Nikasema kwanza nimwone mgonjwa. Tukaingia kwenye chumba chake, nyuma ya gereji, kitanda kimoja na ndoo. Nikamwambia akae nimwoshe kidonda.

"Kimeshaoshwa."

"Nitakiosha tena."

"Mama Seve, wacha."

Nikaanza kufungua. Hakuuondoa mkono. Alikuwa ameufunga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, vibaya, mafundo juu ya mafundo, na nikafungua yote moja moja. Raundi ya mwisho ikaanguka sakafuni. Mkono ulikuwa mzima. Ngozi safi, hata mkwaruzo hakuna. Vidole tu vilikuwa na dawa ya kijivu kwenye kucha.

Nje mtu alikuwa anapiga bati.

"Nilipaka mara nne," akasema. "Wakaitoa mara nne. Unanyooka, Kandida. Nikiuacha ovyo unakuwa uchafu tu, nikiushika unanyooka. Sijui wewe uliufanyaje."

"Ulinielekeza wewe."

"Usinicheke."

"Sikucheki."

"Nisaidie haya matatu tu. Nitakaa pembeni, watu waone naelekeza. Tukirudi nyumbani nitasema kila kitu. Nitasema kanisani ukitaka."

Nilimtazama. Nilijaribu kumwona yule wa kwenye tairi, chini ya turubai, na alikuwa ni yeye yule yule, hakuna mwingine. Hilo ndilo lililonivunja. Si kwamba alikuwa amebadilika. Wakati ule alihitaji mikono yangu, na sasa anaihitaji, na katikati hakuihitaji. Basi.

"Sema sasa," nikamwambia. "Jihan yuko hapo nje. Ni mmoja tu, si ua mzima."

Akatazama mlango. Akautazama muda mrefu. Kisha akaninyoshea mkono ule mzima, polepole, kiganja juu, kama mtoto anayetaka kufungwa kidonda.

Nikamfunga. Nilimfunga vizuri kuliko alivyojifunga, raundi zimelaliana, fundo dogo chini ya kifundo. Nikamvalisha kitambaa shingoni. Nikachukua mkoba wangu.

Uani Jihan akauliza, "Tuanze?"

"Mimi nilikuja kumwona mgonjwa. Nimemwona."

"Na kazi?"

"Kazi anayo fundi."

Akanifuata mpaka getini. Hapo akanishika mkono, akaugeuza, akatazama kucha zangu kama alivyotazama siku ile.

"Nilijua," akasema. "Siku ile Ifakara kucha zako zilikuwa bado na dawa ya kijivu kwenye mashina, zake zilikuwa safi. Nilijua palepale."

"Ukanyamaza."

"Alikuwa ameshasema mbele za watu. Ningemwaibisha."

"Ukaona heri mimi."

"Wewe mwenyewe ulinyamaza, Mama Seve. Ulitaka mimi niseme nini ambacho wewe hukutaka kusema?"

Nimetoka Dar mpaka Mikumi, Mikumi mpaka Kidatu, nikilitafuta jibu, na sijalipata mpaka naandika hapa. Nikamwambia tu, "Naitwa Kandida." Akasema, "Kandida, baki basi, ufanye wewe." Lakini kubaki kungekuwa ni kumfungua Evod bendeji ile mbele yao, na mikono yangu, ambayo haitetemeki, haikuweza hilo. Sijui kama ni wema. Sidhani.

Juni 2

Wamemrudisha. Ameshuka stendi na bendeji bado iko mkononi. Ameifungulia nyumbani, akaichoma na takataka.

Juni 5

Mama yake amekuja kutoka Chita. Amenisalimia kwa ncha za vidole. Amesema mbele yangu, akimwambia mwanawe, "Mwanamke anayemwacha mume na mkono mbovu ugenini, huyo ni wa kukaa naye?" Evod alikuwa anakula. Akaendelea kula.

Jioni nilimwuliza kama atamweleza mama yake ukweli. "Ungeweza kuniokoa," akasema.

"Ndiyo. Ningeweza."

Juni 6

Jihan amepiga mara tatu. Sijapokea.

Juni 10

Mvua imekwisha kabisa, sasa ni vumbi.

Asubuhi ameingia mtu wa Uchindile na Land Cruiser ya kubebea miche ya miti. Anasema vumbi linaingia nyuma mpaka abiria wanashuka wekundu. Nilikuwa gereji, nimefungua kopo la dawa kuona kama lililobaki bado linafaa. Evod alikuwa kibarazani, kwenye kile kiti chake, hatua chache tu.

"Namtafuta fundi wa maungio," yule mtu akasema.

Ngusa akaweka chini kifaa chake cha kuchomelea. Akajifuta uso. Akasema, "Fundi wa maungio ni shemeji hapa. Lile gari la Mzee Amiri alilipaka yeye, lote. Mimi nilikuwepo."

Amelisema hatimaye, kwa sauti nzima, na mimi nikashika ukingo wa meza.

Yule mtu akanitazama, apron na kopo. Akacheka, bila dharau, kama anayefurahia mzaha wa wenyeji. "Huyu si ndiye tuliyesikia aliharibu mshono?"

Ngusa akageuka kutazama kibarazani. Nami nikageuka. Hata yule mtu akageuka, kwa kuwa sisi tumegeuka. Evod alikuwa anatusikia, neno kwa neno. Akakohoa. Akasogeza kiti chake kukimbia jua.

"Basi nitapita siku fundi mwenyewe akipona," yule mtu akasema. Akaaga kwa adabu, kwaheri mama, kwaheri kaka, akawasha gari, akatoka. Mlango wa nyuma haukufunga vizuri na vumbi la mtaa wetu lote likawa linaingia ndani mwake, nikaliona likiingia mpaka alipokata kona.

Kisha nikafunga kopo, maana dawa ile ikipigwa na upepo inaganda.